Lango Lisilomjua Mkwe

Tangu kulipopambazuka Jilala alikuwa bafuni akijimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, na baba mkwe wake, mzee Lutonja, alikuwa ameketi uani akiyasikiliza yale maji na kununa. Maji ya kijiji cha Mwagulanja yalikuwa ya zamu, na huyu kijana alikuwa anayamaliza kama mtu anayeosha trekta. Lakini mkwe hagombezwi kwa ajili ya maji. Lutonja akameza maneno yake, akaongeza sauti ya redio.

Kijana mwenyewe alikuwa amekuja kwa wema. Alikuja kusaidia kuchoma tanuru la matofali ya kujengea kaburi la Ng'washi, marehemu mke wa Lutonja, mama yake Minza. Minza ndiye mke wa Jilala, naye alikuwa amebaki Mwanza kazini. Jana yake wakwe hao wawili walikula ugali kwa dagaa, kila mtu na sahani yake, wakaongea habari za mvua na za pamba, maana hayo ndiyo mtu anayoweza kuongea na mkwe wake bila kuharibu. Mambo ya mwili hayamo. Mkwe akiumwa kichwa atasema kichwa. Akiumwa pengine popote, atasema mgongo.

Naye Jilala alipoulizwa kupitia mlango wa bati kama kuna shida, alijibu kwamba ni mgongo tu, baba, utaachia.

Haukuachia. Jua lilikuwa limeshachoma bati simu ilipolia, na alikuwa ni Minza. Hakumsalimia baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

"Baba, mpeleke hospitali. Usimuulize anaumwa nini. Mpeleke tu."

Lutonja aliuliza kama ni mifupa, kwa kuwa tangu siku za posa alijua kwamba Jilala alizaliwa na seli mundu, na kwamba kuna wiki mifupa yake humlaza chini akauma shuka kwa meno. Minza akasema mifupa ingekuwa nafuu. Akakata simu.

Jilala akatoka. Alikuwa amejifunga blanketi la manyoya katika joto lile, amejikunja, anatembea kama aliyebeba bakuli la mchuzi linaloweza kumwagika. Lutonja alitazama mara moja tu, akageuzia macho ukutani. Akaelewa. Alishawahi kusikia kwamba wanaume wenye ugonjwa huo damu yao hujikunja kama mundu, na siku nyingine huingia kule ikanasa, isitoke, mwanaume akabaki amesimama vile bila hamu yoyote, kwa maumivu ya kuomba kufa. Ikikaa masaa mengi, nyama ya ndani inakufa. Ikishakufa, basi, ndiyo kwaheri ya uanaume wake maisha yote, na wale wawili walikuwa bado hawajapata hata mtoto.

"Twende," Lutonja alisema, akiuongelesha ukuta.

Akaliwasha guta lake, lile la umeme wa jua, la magurudumu matatu, ambalo kwa kawaida lilibeba matofali. Jilala akalala nyuma juu ya magunia. Njia nzima Lutonja hakugeuza shingo, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alisikia nyuma yake pumzi ikikatika.

*

Hospitali ilikuwa na ukuta, ukuta ulikuwa na lango, na lango ndilo lililoamua nani mgonjwa.

Halikuwa na mlinzi wa kuhongwa wala daktari wa kulala usingizi mlangoni. Lilisoma bangili. Kila mtu nchini alivishwa bangili hiyo, kuanzia mtoto aliyezaliwa juzi mpaka kikongwe, nayo haikuvuliwa. Ilihesabu mapigo, ikaonja jasho, ikasikia jinsi mishipa inavyobana chini ya ngozi, na kutokana na hayo ikajua mtu anaumia kiasi gani. Na ili mwoga na jasiri wapimwe kwa haki, haikumlinganisha mtu na jirani yake. Ilimlinganisha na yeye mwenyewe, na siku zake zilizopita. Wenye mfumo waliziita kawaida yake. Ukiizidi kawaida yako kidogo, bangili inawaka njano, unakaa kwenye foleni. Ukiizidi sana, nyekundu, lango linafunguka papo hapo. Ukiwa ndani ya kawaida yako, kijani, na kijani maana yake rudi nyumbani.

Siku ya uzinduzi alikuja mkubwa mmoja kutoka juu, akasimama jukwaani chini ya turubai akiwa na chupa yake ya maji, akasema mashine haina ndugu na haijui rushwa. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ng'washi alikuwa katika watu hao, mkono mmoja ameshika tumbo kama alivyolishika miaka yote. Tumbo hilo bangili ilishalizoea. Ndiyo maana Ng'washi alikuja kufia kwenye benchi la nje ya lango hilohilo, bangili ikiwaka kijani, kijani kizuri kama mpunga mchanga. Na alipokata roho haikubadilika, kwa sababu maiti haiumwi. Lutonja alipeleka malalamiko. Akajibiwa kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa, na kwa kweli hilo ndilo lililomkaa kooni mpaka leo, kwamba hawakusema uongo.

Pembeni ya lango, chini ya mwavuli, aliketi kijana wa kizibao cha njano aliyeitwa Erasto, na kibao cha kioo mapajani. Alikipitisha juu ya mkono wa Jilala.

Kijani.

"Rudia," Lutonja alisema.

Erasto akarudia. Kijani. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba huyu bwana kawaida yake iko juu mno tangu utotoni, na leo ameizidi kidogo sana. Tena maumivu yamepanda taratibu tangu alfajiri, bangili imepata asubuhi nzima ya kuyazoea. Kama angekuja mapema labda ingeshtuka.

Lutonja akakumbuka zile ndoo za maji. Kumbe kila ndoo aliyojimwagia kijana kimya kimya kwa kumwogopa mkwe, mashine ilikuwa inahesabu kwamba huyu ndivyo alivyo.

"Unaumwa wapi, kaka?" Erasto aliuliza. "Sema kwa sauti, kibao kisikie."

Jilala akamtazama Lutonja, akatazama foleni ndefu iliyokuwa imetega masikio. Akasema mgongo. Upepo nao haukumwonea huruma, ukalifunua blanketi.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa amekaa mama mmoja muuza maandazi, Mama Kasiga, mkono umeungua mafuta mpaka kiwiko, bangili yake njano. Aliona kila kitu.

"Mzee, huyo mkweo kanywa zile dawa za nguvu. Mrudishe kwa mkewe, atapona hukohuko."

Foleni ikacheka. Nyuma yake bwana mmoja mwenye kikohozi, naye wa kijani ila amegoma kuondoka, akapata nguvu ya kudakia kwamba wengine wanaitafuta hiyo kwa waganga, na huyu anakuja kuilalamikia. Wakacheka tena. Jilala alikuwa amefumba macho na midomo yake imepauka kama majivu. Lutonja akamfunika blanketi vizuri, akilivuta kwa ncha za vidole, uso kaugeuzia pembeni.

Akamrudia Erasto. Akamweleza kwa sauti ya chini, kama mzazi anavyomweleza kijana wa mwenzake, kwamba huyu si mhuni, ni mgonjwa wa seli mundu, na kama haingii ndani sasa hivi atatoka hapa akiwa si mume wa mtu tena. Erasto alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, lakini yeye hana mamlaka, lango ndilo lenye mamlaka.

"Lango liliwekwa na nani?"

"Na wakubwa, mzee."

"Wako wapi?"

Erasto akakuna kichwa. "Wakubwa hawatibiwi hapa, mzee wangu."

*

Kwenye nguzo ya lango palikuwa na bango, na Lutonja, ambaye shule aliiacha akiwa bado anaandika kwa penseli, alilisoma kwa kufuata maneno kwa kidole. Mwenye nyekundu huingia na ndugu mmoja wa kumhudumia. Basi. Hapakusemwa kwamba huyo ndugu lazima awe mzima.

Akautazama mkono wake wa kushoto. Lutonja alikuwa mtu asiyeumwa. Malaria ilimpitia mbali, jino hakuwahi kung'oa, hata siku za msiba alipokonda kama fito, bangili ilimwakia kijani, maana ile haikujua maumivu ya namna hiyo. Kawaida yake ilikuwa chini kabisa, kama maji ya kisima cha kiangazi. Kitu kidogo tu kingeishtua.

Kisha akamtazama Mama Kasiga. Chumba cha dharura kilikuwa kimoja, daktari mmoja. Nyekundu yoyote ikiingia, njano inasubiri, na mkono ule ulikuwa umeanza kutoa maji. Mama huyo alimtukania mkwe mbele za watu, lakini hilo halikumfanya astahili kuoza. Lutonja alisimama kati ya vitu hivyo viwili kwa muda, na kadiri alivyosimama ndivyo alivyozidi kuona kwamba mtu aliyestahili kusimama pale kwenye jua na kuchagua hakuwa yeye. Alikuwa yule mkubwa wa chupa ya maji. Yule alishachagua zamani, akiwa kivulini, akaondoka na magari yake.

Akamwambia Jilala ashuke. Akafungua kibati kizito kinachofunga nyuma ya guta, akakiinua mpaka juu, akaweka vidole vya mkono wa kushoto kwenye ukingo wa chuma. Akakiachia.

Hakupiga kelele. Alisema tu "haya," kama mtu aliyemaliza mzigo, na bangili yake ikawaka nyekundu mpaka ikamulika kizibao cha Erasto.

"Umefanya makusudi," Mama Kasiga alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Nimekuona kwa macho yangu."

"Umeona sawasawa, mama."

"Na mimi je?"

Lutonja akamgeukia mkwe wake. Alimshika Jilala kwapani kwa mkono mzima, wakasogea. Lango likauliza, kwa ile sauti yake laini ya kike, ya mtu aliyesoma akashiba:

"Huyu ni nani yako?"

"Mkwe wangu."

"Samahani. Mkwe si ndugu anayetambuliwa. Taja mtoto, mzazi, mume au mke."

Hapo ndipo hasira ya Lutonja ilipojaa mpaka ikamwondolea maumivu ya vidole. Walikaa mahali, wakanywa chai yao, wakahesabu ndugu wa watu, wakamwacha mkwe nje. Mtu uliyempa binti yako, anayekuja kukuchomea matofali ya kaburi la mkeo, si ndugu.

"Mwanangu," alisema.

Lango likafunguka. Erasto alikuwa amesikia majibu yote mawili. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

*

Daktari aliitwa Theonestina, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimkimbilia Lutonja na bakuli la dawa. Lutonja akaficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari, akamwambia mgonjwa ni huyu mwingine.

Daktari akafunua blanketi, akafunika, na uso wake ukabadilika. Aliuliza tangu saa ngapi, kama ameshawahi kupatwa, kama amepata mkojo. Jilala aligeukia ukuta. Angewezaje kujibu maswali hayo na baba wa mke wake amesimama pale? Lutonja naye alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Usitoke," daktari alisema. "Nahitaji mtu wa kumshikilia. Wauguzi walipunguzwa ilipokuja mashine."

"Huyu ni mkwe wangu, daktari. Haifai."

"Kwenye skrini yangu ameingia kama mwanao."

Jilala akasema bila kugeuka, sauti imekauka, "Baba, tafadhali toka."

Lutonja alibaki pale mlangoni. Alifikiria Ng'washi angesema nini, akaona Ng'washi asingesema kitu, angeshakuwa ameketi kitandani. Akarudi, akaketi upande wa kichwani, akamshika kijana bega kwa mkono mzima na kumkazia macho usoni, usoni tu.

"Nimesema langoni kwamba wewe ni mwanangu, na wameandika. Sasa mjibu daktari."

Jilala akajibu yote.

Ikabaki kabati la dawa, nalo lilikuwa na akili ileile ya lango. Lilifunguka mbele ya bangili nyekundu tu, na bila hiyo hata daktari aliishia kuvitazama vichupa kupitia kioo. Theonestina alisimama mbele yake, mikono kiunoni. Alisema akichukua dawa kwa nyekundu ya mtu mmoja akampa mwingine, siku wakikagua ndiyo mwisho wake wa kuvaa koti jeupe, na ana mama anayemtegemea. Lutonja hakumbembeleza. Alinyoosha tu mkono wake uliovunjika vidole mpaka kwenye kioo, damu ikadondoka sakafuni, kabati likalia kidogo na kufunguka. Daktari akatazama rafu. Akamtazama Jilala. Kisha akachukua alichohitaji haraka haraka, kama anayeogopa kujisikia akifikiri.

Alimtundikia maji, akamvisha oksijeni, akachoma ganzi, akachoma sindano nyingine kubwa pale palipohitajika, akaanza kuvuta damu iliyonasa. Ilitoka nyeusi na nzito kama oili chafu ya injini. Jilala alimshika Lutonja mkono wa shati akakunja kitambaa kwenye ngumi, na Lutonja akawa anamwongelesha habari za tanuru, kwamba kuni za juu bado hazijapangwa, kwamba udongo wa mwaka huu una mchanga mwingi. Daktari akasafisha, akaingiza dawa, akavuta tena. Damu ikaanza kuwa nyekundu ya kawaida. Kidogo kidogo mwili wa kijana ukalegea wote, akalia kwa muda, kisha akalala amefungua mdomo.

"Mmechelewa," Theonestina alisema, akinawa mikono, "ila naona hamkuchelewa mno. Nafikiri atakuwa mzima. Sasa lete hivyo vidole, nikuchome sindano ya maumivu."

"Ukinichoma, bangili itakuwa rangi gani?"

"Kijani, muda si mrefu."

"Na usiponichoma?"

Akamwambia itabaki nyekundu mpaka imzoee. Kufika jioni itakuwa kijani yenyewe, hata kama vidole vimevunjika vilevile.

Lutonja akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakikuwa kicheko cha kupendeza.

"Kwa hiyo nyekundu ninayo mpaka jioni," alisema. Akajifunga kitambaa mkononi na kuinuka.

*

Foleni ilikuwa palepale. Aliyekuwa ameondoka mbele ya foleni ni Mama Kasiga peke yake. Alikuwa amehamia kwenye lile benchi, benchi la Ng'washi, mkono wake ulioungua ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Bangili yake ilikuwa ya kijani. Wakati Lutonja akiwa ndani, ilikuwa imeuzoea moto wake.

"Simama, mama," Lutonja alimwambia.

"Kwenda wapi? Nimeshapona. Muulize huyo na kioo chake."

"Simama."

Labda ilikuwa sauti, labda ilikuwa ile damu kwenye kitambaa. Mama Kasiga akasimama, wakaenda wote mpaka langoni. Erasto aliinuka nusu kwenye kiti, akaketi tena.

"Huyu ni nani yako?" lango liliuliza.

Mama hakuwa mtoto wake wala mzazi wake, hata mashine ingeona. Lutonja alitazama nyuma, kwenye benchi lililokuwa tupu sasa. Neno lenyewe lilikuwa moja, naye hakuwa amelitamka kwa mtu anayepumua tangu siku ile.

"Mke wangu."

Yule bwana wa kikohozi alianza kucheka, akaacha mwenyewe katikati.

Mama Kasiga akampima Lutonja kuanzia kandambili mpaka kofia. "Na mahari?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Lango likafunguka. Walikuwa wameshavuka walipomsikia Erasto nyuma yao, amesimama wima nje ya mwavuli wake, amemshika begani yule bwana wa kikohozi.

"Mzee," aliita, "ukirudi, kuna mwanao mwingine hapa."

Lutonja akageuza mkono wake kidogo, akatazama bangili. Bado ilikuwa nyekundu.